Kanga na Unyayo wa Mtoto wa Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitika huku anatafuna? Meza kwanza, Mbonea. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo ndiyo sauti ya watu. Na nyie akina baba mlioegemea ukuta, itikieni pia, hadithi hii haina mtoto wala mkubwa.

Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa na lugha moja na ugomvi mwingi, alikuwepo Kiboko. Mama Kiboko alikaa bwawani chini ya mlima, yeye na mtoto wake mmoja. Mtoto mnene, mdogo, ngozi laini kama ndani ya ganda la maharage.

Mwaka ule mvua ikagoma. Bwawa likanywea. Leo maji mgongoni, kesho maji tumboni. Na kiboko akikosa maji ngozi inapasuka, paa, paa, kama udongo wa kiangazi. Mkubwa anavumilia. Mtoto havumilii.

Mama Kiboko akapanda kwa wenzake, anahema, mtoto kamwacha kwenye tope. Akasema, "Ndugu zangu, mwezi umeandama jana. Nimeyapima maji yangu. Mwezi huu ukiisha, na bwawa limeisha, na mwanangu ameisha. Kule juu iko chemchemi. Nichimbieni mfereji."

Mzee Tembo, mkubwa wao, akainua mkonga. Puuuu! Puuuu! "Msaragambo!"

Msaragambo mnaujua. Baragumu likilia kila nyumba inatoa mtu, kazi ya wote inafanywa na wote. Wakapima njia kutoka chemchemini mpaka bwawani, wakapigilia vigingi. Vigingi sitini.

"Sitini tu?" akasema Twiga, huko juu. "Hiyo kazi ya kukohoa."

Mzee Tembo akatangaza: "Kuanzia kesho, kivuli chako kikifika nyayo saba, uwe umefika mferejini!"

Zamani walipima hivyo. Unasimama juani, unatazama kivuli chako kimeishia wapi, halafu unakihesabu kwa miguu, unyayo mbele ya unyayo. Asubuhi kivuli kirefu. Jua likipanda kinafupika.

Kivuli chako, alisema Mzee Tembo. Wote wakaitika, "Ndiyo, mzee." Hakuna aliyeuliza neno.

Sasa alikuwepo Kanga. Siku zile Kanga alikuwa mweusi tii, manyoya yote. Kuchimba hawezi, miguu kama njiti. Wakamwambia, "Wewe pika uji." Akapanga mafiga yake kando ya mfereji, akawasha moto, akakaa anakoroga.

Kukapambazuka.

Nungunungu mfupi, kivuli chake kifupi. Jua limechungulia tu, yeye kapima, saba! Akaja mbio. Hakuna mtu. Akachimba peke yake, kwaru, kwaru, kwaru, huku amenuna.

Jua likapanda. Mzee Tembo akapima kwake, nyayo saba za tembo. Akaja taratibu, du, du, du.

Jua likapanda tena. Uji umeshakuwa kama ubao. Twiga bado yuko kwake anahesabu kivuli chake. Kirefu kama njia ya sokoni! Nyayo kumi na tano. Kumi na mbili. Kumi. Jua karibu na utosi ndipo kikafika saba. Akaja, madaha tele.

Na Fisi? Kivuli cha Fisi hakikufika nyayo saba mpaka harufu ya uji ilipomfikia puani.

"Mnakujaje saa hizi?" Nungunungu akafoka, miiba juu, shwaaa! "Mimi nipo hapa tangu umande!"

"Nimepima," akasema Tembo.

"Na mimi nimepima," akasema Twiga. "Nyayo saba kamili. Unaniita mwongo, wewe mswaki wenye miguu?"

"Mimi nilipima mara mbili," akasema Fisi, mdomo umejaa uji.

Wakagombana. Wakagombana mpaka jua likainama. Siku ile hata kigingi kimoja hawakumaliza. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Na wote, ukimtoa Fisi, walikuwa wanasema kweli! Wanangu, ugomvi mbaya ni ule ambao kila mmoja anasema kweli. Mwongo ukimbana ataona haya. Mkweli utambana wapi?

Siku kumi zikapita. Vigingi tisa.

Siku ile Mama Kiboko alipanda kutazama. Akatazama mfereji, akatazama vigingi vilivyobaki, akageuka. Kanga akaona mgongo wake, una mistari mikavu, myeupe. Akamkimbilia.

"Mama Kiboko, mtoto yuko vipi?"

"Ananiuliza kila siku, mama, maji yanakuja lini? Namwambia kesho." Akashuka.

Kanga akarudi mafigani. Akachukua kokoto. Siku kumi hizi hapa. Vigingi tisa hivi hapa. Zimebaki siku kumi na tisa, vigingi hamsini na kimoja. Akazipanga, akazipangua. Akaacha mwiko ndani ya chungu, uji ukaungua, hakusikia.

Asubuhi ya kumi na moja, kabla ya mtu kufika, Kanga akasimika kijiti karibu na mafiga. Kimoja, kimenyooka. Walipofika, mmoja mmoja, kila mtu na saa yake, akasema, "Shikamoo Mzee Tembo. Shikamoo Shangazi Twiga. Shikamoo Mjomba Nungunungu. Shemeji Fisi, wewe hujambo. Kuanzia leo hakuna kivuli chako wala kivuli changu. Kipo kivuli cha kijiti hiki."

"Kwa unyayo wa nani?" akauliza Tembo. "Bila shaka wangu."

"Wako mkubwa mno," akasema Nungunungu. "Wangu!"

"Wangu una umbo zuri," akasema Twiga.

Ugomvi ungeanza upya pale pale! Kanga akasema, "Nilikwenda bwawani alfajiri. Mtoto wa Kiboko amekanyaga tope, nikakata fimbo sawa na unyayo wake. Hii hapa."

Akaiweka chini. Kafimbo kafupi, ona, hivi tu, kama kiganja cha Nakijwa hapo mbele. Wakakatazama. Nani angesema unyayo wangu ndio bora kuliko wa yule mtoto?

"Nyayo saba za mtoto," akasema Kanga, "wote hapa."

Kesho yake wote walifika. Wote! Hata Fisi, maana Kanga alipanga uji uive saa hiyo hiyo. Vigingi viwili kwa siku. Siku tatu, vigingi sita. Wakacheka, wakapigana mabegani. "Tumeweza!"

Kanga hakucheka. Alikuwa ameanza jambo lake jingine, hajamwambia mtu. Kuandika hajui. Basi alichanganya majivu na utomvu wa mti, na kila kivuli kilipopita unyayo mmoja, alitazama nani anachimba. Anayechimba akamtilia doa jeupe. Dopu! Alilitia wapi? Mwilini mwake mwenyewe. Maana ukichora chini, Tembo atakanyaga. Ukifunga fundo kwenye kamba, Fisi atakula kamba. Bawa la kulia likawa la Tembo. La kushoto la Nungunungu. Mgongo ukawa wa Twiga. Shingo na kichwa, vya Fisi.

Siku ya tatu jioni akawaita. "Bado tumechelewa. Vigingi viwili kwa siku havitoshi. Tunataka vitatu."

"Tutoe wapi nguvu nyingine?" akasema Tembo. "Tunachimba toka asubuhi mpaka jioni!"

"Hamchimbi." Akatandaza mabawa. "Tazameni. Siku moja, mstari mmoja. Mstari ukijaa una madoa kumi. Hesabuni wenyewe."

Wakahesabu. Bawa la Tembo, mstari wa kwanza, madoa manne. Wa pili, manne. Mgongo wa Twiga, matatu.

"Uongo!" akasema Twiga. "Asubuhi yote nilikuwa hapa."

"Ulikuwepo, Shangazi. Unasalimiwa."

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu. Adabu iko adabu. Twiga ni shangazi, akifika kila mtu aache kazi amsalimie. Na salamu ya Twiga ina safari! Ipande mpaka kule juu, aifikirie, halafu jibu lishuke. Hujambo, sijambo, watoto hawajambo, ndama yule mwenye kikohozi, yule mwingine, majani ya kwenu yakoje, na mama mkwe? Akimaliza yeye anafuata Tembo, tunaanza tena. Akikaa Tembo, Fisi anakuja kuuliza habari za ndama kwa mara ya pili ili asianze kazi. Kivuli kinatoka nyayo saba, kinafika tatu, hakuna aliyegusa udongo.

"Kwa hiyo," akasema Twiga, "Kanga wewe, mpika uji, mtoto wa jana, unanikataza mimi salamu? Nimezaa, nimezika, nife kama jiwe hapa bila kuulizwa umeamkaje?"

Akabeba miguu yake, akaondoka. Wote wakamtazama Kanga vibaya. Hata Mjomba Nungunungu akasema, "Hapo umekosea, mwanangu."

Mwingine angenuna. Mwingine angesema, haya, basi, chimbeni wenyewe. Kanga alimfuata Twiga mpaka kwake, kwa vile vimiguu, tititi, tititi. Akafika, akapiga goti.

"Shikamoo Shangazi."

Twiga akageuza shingo upande wa pili.

"Shikamoo Shangazi. Hujambo? Na ndama mwenye kikohozi?"

"...Marahaba," akasema Twiga, kwa mbali. "Kikohozi kimepungua."

"Na yule mwingine? Na mama mkwe?" Akauliza yote, mpaka mwisho, hajaruka mtu. Halafu akasema, "Shangazi, sikuja kuondoa salamu. Nimekuja kuipa mahali pake. Kivuli kikiwa nyayo saba mpaka sita, uji na salamu. Watu wamekaa, wamekutazama wewe, hakuna anayekusalimia huku anatazama shimo. Kikifika sita, salamu imeisha, kazi inaanza. Siku hizi wanakusalimia wamesimama, Shangazi, kama mgeni wa njiani."

Twiga akatafuna. Akatafuna.

"Niketi kwenye nini?" akauliza.

"Nitakutafutia kichuguu."

Basi yakaisha. Kesho yake Twiga alikaa kwenye kichuguu kama bibi harusi. Salamu zikaulizwa zote, na zikabaki za kuongezea.

Kanga akaendelea kupanga. "Mzee Tembo, madoa yako ni ya asubuhi na ya jioni. Jua likifika utosini unapepea masikio tu. Si uvivu, ni mwili wako. Basi chimba asubuhi pale penye mawe, mchana lala kivulini, jioni urudi."

Tembo akacheka, ho, ho, ho. "Miaka yote mke wangu aniita mvivu. Njoo umwambie hayo!"

"Mjomba, wewe unachimba vizuri jua likishuka. Mchana kaa, jioni shika. Shangazi Twiga, wewe hujali jua, mchana ni wako. Vuta miiba, sukuma udongo kwa kwato."

"Na mimi?" akasema Fisi.

Kanga akainama, akamwonyesha shingo. Nyeusi. Haina doa.

"Lakini mimi nilikuwepo!"

"Kuwepo ulikuwepo, shemeji. Chungu ni shahidi. Zamu yako ni kubeba udongo, kivuli kikitoka nyayo mbili mpaka nyayo tano za jioni. Ukimaliza, ndipo bakuli lako."

"Shemeji, njaa haijui zamu."

"Itajifunza."

Fisi akabeba, analalamika kila kikapu. Na alibeba vizuri, nisimnyime haki yake. Ila majivu yenye utomvu yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo doa lake halikutiwa. Nendeni mkamtazame kanga shingoni mpaka leo. Mwili mzima madoa, shingo hakuna hata moja.

Vigingi vitatu kwa siku. Vitatu, vitatu, vitatu. Usiku wanalala wamechoka, wamefurahi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake umetoka wapi saa hizi. Nungunungu alishusha miiba mpaka mtu angeweza kumpita bila kuchomwa.

Siku ya ishirini, kukaingia ukungu. Ule wetu wa mlimani, mzito, hauna mvua wala jua. Kijiti kimesimama, kivuli hakuna.

Wanyama wakafika, wakakizunguka kijiti. Wakangoja.

"Hakijasema," akasema Tembo.

"Bado hakijasema," akasema Twiga, akakaa kwenye kichuguu.

Mmewaona? Jana walikuwa hawataki kufuata kijiti. Leo kijiti kimekuwa chifu wao! Wamekaa, mikono mapajani, mfereji unawatazama.

Kanga akasema, "Jamani, kivuli ndicho hakipo. Siku ipo, inakwenda. Bwawa nalo linakwenda."

"Tutajuaje zamu?" akauliza Nungunungu. "Mimi nikianza mapema, mwingine akichelewa, si tutarudi kule kwenye ugomvi?"

Na kweli alikuwa na hoja. Ukungu ule huwa siku tatu. Ukiondoa siku tatu, mfereji unafika mwezi umeshakufa.

Kanga akafikiri. Kumbe siku zote anazokoroga uji, masikio yake yalikuwa yanasikiliza wimbo wao wa kuchimba, na kichwa chake kinahesabu. Hakuambiwa na mtu. Ndivyo alivyokuwa. Alijua asubuhi kivuli kinakimbia, nyimbo chache tu unyayo umepita. Alijua karibu na mchana kivuli kinatambaa, nyimbo zinakuwa nyingi. Alijua zote, unyayo kwa unyayo.

"Sikilizeni mimi," akasema. "Mimi ndiye kivuli." Akapanda juu ya figa, akaimba. Nanyi imbeni:

*Chimba, chimba, maji yaje,*
*Kigingi kimoja, kingine kije,*
*Mtoto wa Kiboko asikauke,*
*Chimba, chimba, maji yaje!*

Akaimba, anahesabu. Akaimba, anahesabu. "Unyayo wa sita! Salamu basi, Mzee Tembo shika!" Akaimba. "Unyayo wa pili! Mzee pumzika, Shangazi ingia!" Hakunywa maji, maana ukinywa wimbo unakatika na hesabu inapotea. Fisi, Fisi huyu huyu, alimletea kikombe cha uji. Kanga akatikisa kichwa, anaimba.

Siku ya kwanza ya ukungu, vigingi vitatu.

Siku ya pili, sauti imeanza kukwaruza. Vigingi vitatu.

Siku ya tatu haikuwa sauti tena. Ilikuwa kama mtu anakwangua sufuria. *Kere-kere-kere! Kere-kere-kere!* Maneno hayapo. Lakini hesabu ipo, na wanyama wakaifuata kwa hiyo hiyo. Vigingi vitatu.

Siku ya nne jua likatoka. Kanga akafungua mdomo awaambie shikamoo. *Kere-kere-kere.* Sauti yake haikurudi, mpaka leo.

Wakachimba. Siku ya ishirini na tisa, kivuli cha jioni, Tembo akang'oa kigingi cha sitini. Nungunungu akatoboa ukingo wa chemchemi. Kwaru, kwaru, kwaru... chwaaaa!

Maji hayo! Yanashuka, yanaruka, yanabeba majani. Wanyama wanakimbia nayo pembeni, Twiga mbele, madaha kayasahau, Fisi nyuma anaanguka. Chwaaaa mpaka bwawani!

Bwawani palikuwa tope la kufunika vidole. Mtoto wa Kiboko amelala ubavu, macho amefumba, mama yake amemsimamia kumtilia kivuli, mgongo wa mama umepasuka. Maji yakamfika mtoto miguuni. Hakutikisika. Yakamfika tumboni. Hakutikisika. Wote wakashika pumzi. Yakamfika puani.

Pffff! Akapiga chafya.

Jamani! Vigelegele! Tembo analia, machozi yanatiririka mkongani, anasema ni vumbi.

Mama Kiboko akaingia na mwanawe mpaka maji yakamfunika, akakaa, halafu akatoka kuwashukuru. Akamshukuru Tembo kwa mawe. Akamshukuru Nungunungu kwa makucha yake. Akamshukuru Twiga, akamuuliza na ndama. Akamshukuru Fisi, Fisi akatazama chini, hajazoea.

Akafika kwa Kanga. Kanga yuko mwisho kabisa, kabeba mwiko wake.

"Wewe," akasema Mama Kiboko, "hukuchimba hata kikapu kimoja."

Wanyama wakageuka.

"Mfereji wamechimba hawa. Mikono hii ingechimba hata bila wewe, najua, ni ndugu zangu. Wangemaliza. Mwezi mwingine wangemaliza, wakaniletea maji mazuri, nikaoga peke yangu." Akainama mpaka pua yake kubwa ikagusa vile vimiguu. "Wenzako wamenipa maji. Wewe umenipa siku. Siku haichimbwi, mwanangu. Ulizitoa wapi?"

Kanga akataka kujibu. *Kere-kere-kere*, akasema.

Na Mama Kiboko akaitika, "Marahaba."

Basi sikieni neno lake, wakubwa na watoto. Kazi ya wengi inataka kipimo kimoja, na kila jambo lipewe saa yake, hata salamu, hata kupumzika. Na yule anayewatunzia wenzake wakati anafanya kazi, hata kama hamwoni jasho lake. Msimwite mpika uji.

Hadithi yangu imeishia hapo, maji yalipokutana na bwawa. Aliyeipenda aichukue, aliyekuwa anasinzia amuulize jirani yake.